Kilosa: Tuta la reli likiliwa na maji, nani huona kwanza?

Reli ya zamani kutoka Kilosa kuelekea Dodoma inapita bondeni, sambamba na Mto Mkondoa. Wajerumani waliijenga zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mto haujaacha kuila. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba tuta, safari zikasimama kwa miezi kadhaa.

Shida ni kwamba hatari haionekani kwa mbali. Maji huchota udongo na kokoto chini ya mataruma, vyuma vikabaki vinaning'inia. Dereva anaona njia nzima kabisa, na treni ya mizigo haisimami chap kama bodaboda.

Anayewahi kuona ni Msagara anayekwenda shamba au Mmaasai anayepeleka ng'ombe majini. Ukikuta tuta limemeguka, iwe huko au kwenye tawi la Kilosa, Mikumi hadi Kidatu, wahi stesheni iliyo karibu au piga polisi, 112. Treni ikija, nenda upande inakotokea, mbali na palipobomoka, upunge kitambaa chekundu ukiwa pembeni. Usiingie relini.

Kwenye SGR inayopita Kilosa, kumbuka nyaya za juu zina volti 25,000. Usizinyooshee hata fimbo ya kuchungia.