Kwa nini rangi ya mgonjwa imeondolewa katika hesabu ya figo

Kwa zaidi ya miaka 20, wagonjwa wawili nchini Marekani wenye umri mmoja, jinsia moja na majibu yale yale ya damu walikuwa wakiambiwa kwamba nguvu za figo zao ni tofauti. Sababu ilikuwa moja tu: mmoja alikuwa mweusi na mwenzake hakuwa mweusi.

Tofauti hiyo iliandikwa ndani ya fomula iliyotumiwa na maabara, madaktari na wafamasia, na ilifundishwa vyuoni kama sehemu ya kawaida ya taaluma. Ilipofika Septemba 2021, jopo la wataalamu wa magonjwa ya figo nchini humo lilipendekeza iachwe mara moja.

Ili kuelewa suala hili, ni vyema kuanza na kazi ya figo zenyewe. Figo huchuja damu na kutoa taka mwilini. Mojawapo ya taka hizo ni kreatinini, ambayo hutokana na misuli. Figo zikidhoofika, kreatinini huongezeka katika damu.

Kupima moja kwa moja kasi ya figo kuchuja damu ni kazi ndefu na ya gharama. Kwa hiyo maabara hupima kreatinini, kisha fomula hukadiria kasi hiyo kwa mililita kwa dakika, kwa kuzingatia umri na jinsia ya mgonjwa.

Fomula iliyotolewa mwaka 1999 iliongeza kigezo cha tatu, yaani rangi. Mgonjwa akiandikwa kuwa mweusi, matokeo yake yaliongezwa kwa takriban asilimia 18, na katika toleo fupi lililofuata nyongeza ikawa asilimia 21. Fomula nyingine ya mwaka 2009 ilipunguza nyongeza hiyo hadi karibu asilimia 16, lakini haikuiondoa.

Watafiti walikuwa wameona kwamba, katika kundi walilolichunguza, watu weusi walikuwa na wastani wa juu wa kreatinini hata pale figo zao zilipochuja sawa na za wengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba watu weusi wana misuli mingi zaidi. Dhana hiyo haikuwa imethibitishwa vya kutosha, na wastani wa kundi ukageuzwa kuwa kanuni kwa kila mtu mweusi, awe mnene au mwembamba, mzaliwa wa Chicago au mhamiaji kutoka Kampala.

Athari zake zinaonekana kwa hesabu ndogo. Nchini Marekani, mgonjwa ambaye bado hajaanza kusafishwa damu kwa mashine huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa pale kasi ya mchujo inaposhuka hadi 20 au chini yake. Mgonjwa mwenye 18 alistahili kuanza kuhesabiwa. Kwa nyongeza ya mwaka 2009, mgonjwa mweusi mwenye majibu hayo hayo alisomeka karibu 21, akaambiwa muda wake bado.

Jambo hilo lina uzito mkubwa kwa sababu Wamarekani weusi ni takriban asilimia 13 ya watu wa nchi hiyo, lakini ni takriban theluthi moja ya wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kabisa kufanya kazi.

Kwa upande wa famasia, suala ni dozi. Dawa nyingi hutolewa mwilini kupitia figo, na mfamasia ndiye anayetarajiwa kugundua kwamba dozi iliyoandikwa ni kubwa mno. Metformini, dawa ya kisukari, haitakiwi kutumiwa mchujo ukiwa chini ya 30. Mgonjwa mwenye 28 akiongezewa asilimia 16 husomeka 32, na kizuizi hicho hakionekani tena.

Hata hivyo, kuondoa rangi nako kuna upande wa pili. Baadhi ya wataalamu walitahadharisha kwamba makadirio yakishuka, wagonjwa weusi wanaweza kunyimwa dawa wanazozihitaji au kupewa dozi ndogo isiyotosha. Ndiyo maana fomula mpya ya mwaka 2021 haikufuta nyongeza na kuishia hapo. Ilikokotolewa upya bila rangi, na wataalamu wakahimiza matumizi ya kipimo kingine cha damu, sistatini C, ambacho hakitegemei misuli kwa kiasi kikubwa kama kreatinini.

Mabadiliko hayo hayakuja ghafla. Hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston iliacha kutumia nyongeza ya rangi tangu mwaka 2017, na katika vyuo kadhaa wanafunzi wa udaktari walikuwa miongoni mwa waliohoji walichokuwa wakifundishwa. Nchini Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliacha kupendekeza nyongeza hiyo mwaka 2021.

Kwa Afrika, swali ni zito zaidi: je, kanuni iliyotungwa kwa Wamarekani weusi iliwahi kuwafaa Waafrika? Utafiti uliofanyika Malawi, Afrika Kusini na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health, ulionyesha kuwa fomula zinazotegemea kreatinini zilikuza uwezo wa figo kupita hali halisi. Nyongeza ya rangi ilizidisha kosa hilo. Sistatini C ilitoa picha iliyo karibu zaidi na ukweli.

Kiini chake si kigumu. Mwili uliokonda kwa lishe duni au maradhi huzalisha kreatinini kidogo, hivyo majibu yanaweza kuonekana mazuri ilhali figo zimekwisha kudhoofika. Kumwongezea mgonjwa wa namna hiyo asilimia 16 kwa kudhani ana misuli mingi ni kumficha ugonjwa wake.

Nchini Marekani, hatua imepigwa hadi kurekebisha yaliyopita. Kuanzia Januari 2023, vituo vya upandikizaji vilitakiwa kupitia majalada ya wagonjwa weusi walio kwenye orodha na kuwarejeshea muda walioukosa kwa sababu ya fomula. Kufikia Machi 2024, zaidi ya wagonjwa 14,000 walikuwa wamerekebishiwa muda wao, kwa wastani wa miaka miwili kila mmoja.

Kwa mfamasia na mwanafunzi wake, kilichobaki ni kukagua ni fomula ipi imewekwa katika mashine ya maabara, na kuuliza ilitokana na miili ya akina nani kabla ya kuitumia kuamua dozi.