Kabla hujanunua flashi Mbarara, angalia kwanza juu ya kamera yako

Kama unapiga picha za harusi, ubatizo au mahafali hapa Nakivale, unajua kwamba sherehe nyingi hunoga jua likishazama. Hapo ndipo kamera ya kuanzia hukwama. Kile kiflashi kidogo kinachochomoza juu yake kina nguvu ya mita mbili tatu tu. Maharusi wanang'aa usoni kama waliopakwa mafuta, huku wazazi walioketi nyuma wakimezwa na giza. Mteja akiona picha kama hizo, anaanza kupunguza bei.

Ndiyo maana wapiga picha wengi hufikiria kununua flashi ya nje, ile inayopachikwa juu ya kamera. Kwa familia ambayo haipo tena kwenye orodha ya mgao wa WFP, kamera ni jembe, na pesa ya flashi si pesa ya kuchezea. Ukinunua isiyoelewana na kamera yako, utalipa tena nauli ya kupitia Kabingo hadi mjini, na huenda muuza duka akakataa kuirudisha.

Kidoti cha katikati

Chukua kamera yako sasa hivi uitazame kwa juu. Utaona reli mbili fupi za chuma; hapo ndipo flashi huingia. Katikati ya reli hizo kuna vidoti vya chuma. Kile kikubwa cha katikati ndicho kinachoiambia flashi iwake wakati kamera inapopiga. Vile vidogo vya pembeni hubeba mazungumzo mengine, kwa mfano mwanga uwe kiasi gani. Kila kampuni ina lugha yake kwenye vidoti vidogo: Canon hasikii ya Nikon, Nikon hasikii ya Sony. Kidoti kikubwa, kwa miaka mingi, kimekuwa lugha ya wote. Flashi rahisi kabisa iliweza kuwaka juu ya Canon, Nikon au Pentax bila shida.

Siku hizi si lazima iwe hivyo. Canon EOS 250D, iliyotoka mwaka 2019, haina kidoti hicho kikubwa. EOS 2000D na 4000D nyingi pia hazina, na hizo ndizo kamera za bei nafuu ambazo anayeanza huuziwa. Kamera hizi zina majina tofauti kulingana na zilikotoka. 2000D ndiyo 1500D ya Asia na Rebel T7 ya Marekani. 4000D ndiyo 3000D na Rebel T100. Usitegemee jina. Tazama kwa macho, au pitisha kidole: kidoti kipo au hakipo?

Kama kipo, una bahati, na unaweza kununua flashi ya bei ya chini kabisa. Godox TT600 na Yongnuo YN560 zinafahamika sana kwa kazi hiyo. Zote mbili ni za kurekebisha kwa mkono: wewe mwenyewe unachagua nguvu, yaani nzima, nusu, robo na kuendelea kushuka.

Kama hakipo, hizo mbili hazitawaka juu ya kamera yako hata muuzaji akiapa. Unahitaji flashi inayozungumza Kicanon, yenye herufi TTL na herufi C mwishoni mwa jina, kama Godox TT685C au ile ndogo TT350C. Hata hizo, za toleo la zamani huenda zikagoma mpaka programu yao ya ndani isasishwe. Kwa hiyo usilipe kabla hujaiona ikiwaka juu ya kamera yako mwenyewe.

Na kama tayari umeshanunua TT600 au YN560 na kamera haina kidoti, usiitupe wala usiiuze kwa hasara. Flashi hizo zina hali ya S1 na S2, ambapo huwaka zikiona flashi nyingine imewaka. Iweke pembeni juu ya meza au mshikishe mwenzako, chagua S2, kisha fungua kile kiflashi cha kamera na upige. Ndani ya chumba inafanya kazi vizuri, na mwanga wa pembeni unapendeza kuliko wa mbele. Kwenye jua kali mara nyingi haisikii.

TTL au ya mkono?

Flashi ya TTL hupima mwanga yenyewe. Inamsaidia sana anayemfuata bibi harusi katikati ya watu wanaocheza, maana umbali unabadilika kila sekunde. Lakini bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya mkono, na flashi ya Canon au Nikon yenyewe hupita hapo mara kadhaa. Kwa anayeanza, nashauri ya mkono kama kamera yako inaikubali. Siku chache za mazoezi zinatosha kujua kwamba ukiwa hatua tatu kutoka kwa mtu unahitaji nguvu fulani. Kumbuka tu kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo.

Kuna sababu nyingine. Kama mko kwenye kikundi cha akiba na mnataka kununua flashi moja ya pamoja, ya mkono inaweza kutumiwa Jumamosi na mwenye Nikon na Jumapili na mwenye Canon, mradi kamera zote zina kidoti. Ya TTL ikiwekwa kwenye kamera ya kampuni nyingine inapoteza ule ujuzi mliolipia.

Wenye Sony wawe waangalifu zaidi. Reli ya Sony za tangu mwaka 2012 ina vidoti vyake vidogo vilivyojificha mbele. Tafuta flashi yenye herufi S. Zile Alpha za zamani zina reli ya umbo tofauti kabisa, na flashi ya kawaida haiingii bila kiunganishi.

Ukiuziwa flashi kuukuu ya enzi za filamu, hata kama ni karibu na bure, iache. Baadhi yake hutoa umeme wa zaidi ya volti 200 kupitia kile kidoti, na unaweza kuunguza kamera ya kisasa.

Dukani

Nenda na kamera yenye chaji, kadi yake, na betri nne za AA zako mwenyewe. Beba pia kitambulisho chako. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kusafiri na kufanya kazi. Weka kamera kwenye M, kasi 1/125, f/5.6, ISO 400. Piga picha ishirini mfululizo, ukingoja taa ya utayari kila mara. Kama inaruka picha, iache. Ukipandisha kasi kupita 1/200 utaona mstari mweusi kwenye picha. Huo si ubovu, kamera nyingi za kuanzia ndivyo zilivyo.

Kwa ya mitumba, fungua mlango wa betri. Unga mweupe au wa kijani maana yake betri zilivujia humo. Tazama pia mguu wake kama una ufa, maana hapo ndipo flashi huvunjika ikianguka. Omba risiti yenye jina la duka, namba ya simu, na siku ambazo unaweza kuirudisha. Muuzaji akisema "wewe niamini tu", nenda duka la pili.

Usimalizie pesa yote kwenye flashi. Betri kavu za kawaida huisha kabla keki haijakatwa. Nunua betri nane za AA za kuchaji, za aina ya NiMH, nne kazini na nne mfukoni. Zilizoandikwa 2000 hadi 2500 mAh ni za kuaminika kuliko zile zinazojisifu 4000, ambazo ukubwa huo wa betri hauwezi kubeba. Chaja ya USB itakufaa kwa sola.

Ukifika nyumbani, usielekeze flashi usoni. Igeuze juu. Turubai jeupe la kanisa au hema hurudisha mwanga laini unaofunika watu wote. Mabati hurudisha mkali na wa mabaka, na ukuta wa bluu au wa kijani utapaka kila uso rangi hiyo hiyo. Nje usiku hakuna dari, kwa hiyo funga kadi nyeupe nyuma ya flashi kwa raba, igeuze juu kidogo, usogee karibu. Kazi ikiisha, toa betri ndani yake kabla ya kuihifadhi.