Kabla ya harusi ya makanisa mawili, mmepima damu?

Tuseme wewe ni binti Mkatoliki wa Malava, na mchumba wako amelelewa katika kanisa la Friends. Wazee wa Kabras wamekwisha kuelewana kuhusu ng'ombe wa mahari. Mnadhani kilichobaki ni keki na magari ya kukodi. La hasha, msomaji! Yapo mambo mawili yanayotaka muda, na aghalabu watu hulikumbuka moja tu.

La kwanza ni la dini. Friends, walioanza kazi yao Kaimosi mnamo 1902, hawabatizi kwa maji. Kwa hivyo, hata kama kijana wako hakosi ibada Jumapili, Kanisa Katoliki humhesabu kuwa mtu ambaye hajabatizwa. Ndoa kama hiyo huhitaji ruhusa ya askofu, na bila ruhusa hiyo haitambuliwi na kanisa. Wewe utaahidi kujitahidi watoto wabatizwe Kikatoliki. Mwenzako ataelezwa ahadi hiyo, lakini halazimiki kubadili dini. Askofu aweza hata kukubali mfungie ndoa kwa Friends, mradi muombe mapema. Lisiloruhusiwa ni kula kiapo mara mbili, asubuhi kwa padri na alasiri kwa pasta. Pasta aalikwe tu asali na kuwabariki.

Ikiwa mmoja wenu ni Mwislamu, tuseme wa kutoka Mumias, kuna pia msajili wa ndoa, ambaye hutaka ilani ya siku zisizopungua 21.

La pili ni la damu, na hili halijali nani anasali wapi. Katika sehemu zetu za Magharibi, ambako malaria imetusumbua kwa vizazi vingi, kuna watu wengi waliorithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Wao ni wazima kabisa. Hata malaria kali huwapata kwa nadra. Hatari huja wawili kama hao wanapooana. Kila mimba huwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, mwenye maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Hata watatu wa kwanza wakizaliwa wazima, hesabu ya wa nne ni ile ile. Mwambieni daktari mnataka kipimo cha aina ya himoglobini, maana kile cha kawaida cha kiasi cha damu hakitoshi.

Na UKIMWI? Sheria ya Kenya ya 2006 yakataza mtu kulazimishwa kupimwa ndipo aolewe au aoe, hata na kanisa. Hata hivyo, nendeni kwa hiari yenu, mkiwa pamoja, wala si juma la harusi kadi zikiwa zimesambazwa. Majibu ni yenu, si ya kamati ya harusi. Mwenye virusi akimeza dawa vyema hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Mkiwa huko kliniki, ulizeni pia kuhusu kupanga uzazi. Kanisa Katoliki hukubali njia za asili peke yake, na huenda kijana wa Friends ana maoni mengine. Zungumzeni na muuguzi mkiwa wawili, shangazi akisubiri nje.