Makala ya utafiti hupita kwa ushahidi wa maabara, si kwa wingi wa maneno

Na MWANDISHI WETU

MWANAFUNZI wa shahada ya uzamifu anaweza kukesha maabarani miaka mitatu au minne akichoma, akipima na kuvunja sampuli zake, kisha safari ikakwama hatua chache tu kabla ya mahafali kwa kukosa kitu kimoja: makala iliyokubaliwa na jarida la kitaaluma.

Kanuni zilizotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini (CUE) mwaka wa 2014 zilimtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha angalau makala mbili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu, na yule wa uzamili makala moja. Sharti hilo lilikusudiwa kuinua hadhi ya utafiti. Hata hivyo, liliwatia wengi kiwewe, na penye kiwewe matapeli hawakosi.

Je, makala ya utafiti huandaliwa vipi, na huwasilishwa wapi? Tuangazie suala hilo kwa kutumia taaluma moja, sayansi ya nyenzo, yaani elimu inayochunguza chuma, saruji, kauri, plastiki na vitu vinginevyo ambavyo binadamu hujengea na kuundia. Na ili tusipotee katika nadharia, tuchukue mfano ulio karibu nasi: jivu la makapi ya miwa, ambalo watafiti katika nchi zinazokuza miwa wamekuwa wakilichunguza ili litumike badala ya sehemu ya saruji.

Swali moja, jibu moja

Kosa la kwanza ambalo wahariri wa majarida hukumbana nalo ni tasnifu iliyokatwa vipande na kupewa jina la makala. Tasnifu huonyesha kila alichosoma na kukifanya mwanafunzi. Makala hujibu swali moja. Msomaji wa jarida hana haja ya kuelezwa historia ya saruji tangu enzi za Warumi. Anataka kujua ni kiasi gani cha saruji kinachoweza kuondolewa na jivu likatiwa mahali pake bila kuudhoofisha ukuta.

Kwa sababu hiyo, waandishi wazoefu huanza na michoro na majedwali. Huyapanga mezani na kujiuliza: je, haya yanatosha kulijibu swali langu? Yakitosha, ndipo kalamu hushikwa. Sehemu za mbinu na matokeo huandikwa kwanza, mjadala hufuata, kisha utangulizi. Ikisiri, ingawa ndiyo inayosomwa mwanzo, huandikwa mwisho. Majarida mengi huiwekea mpaka wa maneno kati ya 150 na 250, na humo lazima mwandishi aseme alichunguza nini, kwa njia gani, na alipata nini kwa tarakimu. Kusema tu kwamba "matokeo yatajadiliwa" ni kupoteza nafasi adimu.

Mbinu ndiyo roho ya makala

Sehemu ambayo wanaoanza huipuuza ni ile ya mbinu. Wengi huandika kwamba jivu "lilichomwa kwa joto kali na kusagwa vizuri", kisha wakasonga mbele. Katika sayansi ya nyenzo, sentensi hiyo haina maana yoyote.

Sababu ni hii. Saruji inapochanganyika na maji hutoa chokaa. Silika iliyo ndani ya jivu huungana na chokaa hiyo na kuunda gundi ile ile inayoishika saruji. Lakini silika hufanya kazi hiyo vyema pale tu chembe zake zinapokuwa hazijajipanga kwa utaratibu maalumu. Joto likizidi mno, chembe hizo hujipanga na kuwa fuwele, na jivu huwa zito wa kuungana na chochote. Hivyo basi, magunia mawili ya jivu kutoka kiwanda kimoja yanaweza kutoa kuta mbili tofauti kabisa, kutegemea lilivyochomwa.

Mwandishi makini ataeleza kwamba jivu lilichomwa, tuseme, kwa nyuzijoto 600 za Selsiasi kwa saa mbili, likapozwa kwa njia fulani, likasagwa na kupitishwa kwenye chekeche yenye matundu ya mikromita 45. Atataja makapi yalitoka wapi, aina ya saruji, na uwiano wa maji na saruji. Atataja pia kiwango rasmi alichofuata. Kwa mfano, kiwango cha Ulaya cha EN 196-1 hupima nguvu ya saruji kwa vipande vyenye milimita 40 kwa 40 kwa 160, na kile cha Marekani cha ASTM C618 hutaka jivu la asili liwe na jumla ya silika, alumina na oksidi ya chuma isiyopungua asilimia 70.

Kipimo cha sehemu ya mbinu ni kimoja: je, mtafiti aliye mbali, asiyemjua mwandishi wala kuwa na nambari yake ya simu, anaweza kulirudia jaribio hilo kwa kuisoma makala pekee? Kama hawezi, kazi haijakamilika.

Michoro isiyodanganya

Baada ya mbinu huja ushahidi. Picha za hadubini ya elektroni lazima ziwe na mstari mdogo unaoonyesha urefu halisi, kwa mfano mikromita 10. Kuandika kwamba picha "imekuzwa mara 5,000" hakusaidii, kwa kuwa ukubwa wa picha hubadilika inapochapishwa kwenye ukurasa au kufunguliwa kwenye kompyuta. Mstari hupanuka na kupungua pamoja na picha, kwa hivyo ukweli wake haupotei.

Vivyo hivyo kwa tarakimu. Kusema kwamba kipande kilihimili megapaskali 42 hakutoshi. Ni vipande vingapi vilivyovunjwa? Vilitofautiana kwa kiasi gani? Iwapo vipande visivyo na jivu vilihimili 40 na vyenye jivu 42, ilhali tofauti kati ya kipande na kipande ni megapaskali tatu, mwandishi hana haki ya kutangaza kwamba jivu limeongeza nguvu. Anachoweza kusema ni kwamba hakuna tofauti iliyodhihirika. Kauli hiyo ni ya unyenyekevu, lakini bado ina thamani: kupunguza saruji bila kupoteza nguvu ni habari njema kwa mjenzi.

Taaluma hii ina kisa cha kutisha kuhusu data. Jan Hendrik Schön, mtafiti wa maabara za Bell Labs nchini Marekani, alivuma mwanzoni mwa karne hii kwa makala zake katika majarida makuu ya Nature na Science kuhusu vifaa vya kielektroniki vilivyoundwa kwa molekuli. Baadaye wanasayansi wenzake waligundua kwamba grafu za majaribio tofauti zilikuwa na mitikisiko midogo iliyofanana nukta kwa nukta, jambo ambalo maumbile hayalifanyi. Kamati iliyoongozwa na Profesa Malcolm Beasley wa Chuo Kikuu cha Stanford ilichunguza tuhuma 24, na mnamo Septemba 2002 ikathibitisha udanganyifu katika 16. Daftari za maabara hazikuwepo, na faili nyingi za data asilia zilikuwa zimefutwa. Schön alifutwa kazi, makala zake nyingi zikaondolewa, na mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani kikatangaza kumpokonya shahada yake ya uzamifu.

Funzo kwa mwanafunzi ni kwamba daftari lenye tarehe, faili asilia za mashine na mabaki ya sampuli ni vitu vya kuhifadhiwa hata baada ya makala kuchapishwa. Siku ya kuulizwa maswali, ndivyo vitakavyomtetea.

Kuchagua jarida

Jarida huchaguliwa kabla ya makala kukamilika. Njia rahisi ni kutazama marejeleo yako mwenyewe: makala unazozitegemea zilichapishwa wapi? Kazi ya jivu na saruji huweza kupata makao katika Construction and Building Materials au Cement and Concrete Research. Iwapo uvumbuzi unahusu zaidi muundo wa ndani wa nyenzo yenyewe, kuna majarida mapana kama Journal of Materials Science, lililoanzishwa mwaka wa 1966. Makala nzuri iliyopelekwa pasipofaa hurudishwa na mhariri hata kabla ya kufikishwa kwa wahakiki.

Kila jarida huwa na maagizo yake kwa waandishi: urefu, mtindo wa marejeleo, ubora wa picha. Yasome yote. Pamoja na makala, andaa barua fupi kwa mhariri ikieleza umegundua nini, kwa nini wasomaji wa jarida hilo watanufaika, na kwamba kazi hiyo haijapelekwa kwingine. Kupeleka makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa la maadili.

Majina ya waandishi pia huzua mtafaruku. Anayestahili kutajwa ni yule aliyechangia kazi yenyewe na aliye tayari kuwajibika kwayo. Cheo pekee hakitoshi, na aliyefanya kazi hapaswi kuachwa nje kwa sababu hana cheo. Kuhusu programu za akili bandia, Kamati ya Maadili ya Uchapishaji (COPE) ilitoa msimamo mwaka wa 2023 kwamba haziwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika. Aliyezitumia anapaswa kusema hivyo waziwazi.

Wahakiki si maadui

Mhariri akiridhika, huituma makala kwa wahakiki, kwa kawaida wawili au zaidi, ambao hujitolea kuisoma bila malipo. Majibu huweza kuchukua miezi kadhaa. Ni nadra makala kukubaliwa bila marekebisho, kwa hivyo agizo la kurekebisha si tusi bali ni mlango uliofunguliwa nusu.

Jibu kila hoja kwa mpangilio: nakili swali la mhakiki, toa jibu, kisha onyesha ukurasa na mstari uliobadilishwa. Mhakiki akikosea, mweleze kwa heshima na ushahidi. Akitaka jaribio jipya ambalo linawezekana, lifanye. Na ikiwa makala imekataliwa, itengeneze kwa kufuata maoni hayo kabla ya kuipeleka jarida lingine. Si ajabu mhakiki yule yule akakutana nayo tena.

Jihadhari na njia ya mkato

Hapa ndipo matapeli huingilia. Barua pepe humfikia mwanafunzi ikimsifu kwa "utafiti wake mashuhuri" na kumwahidi kuchapishwa kwa siku chache, mradi atume ada. Hakuna mhakiki anayesoma chochote. Pesa zikishalipwa, makala hutundikwa kwenye mtandao jinsi ilivyo, makosa na yote.

Tatizo hili si dogo. Mnamo Machi 2019, mahakama moja ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS, yenye makao yake Hyderabad, India, na washirika wake, kulipa zaidi ya dola milioni 50 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) kuishtaki kwa kuwahadaa watafiti kuhusu uhakiki na ada za majarida yake.

Ada yenyewe si ushahidi wa utapeli. Majarida mengi halali yanayosomwa bure na umma humtoza mwandishi gharama za uchapishaji, huku mengine yakichapisha bila ada kwa kuwa wasomaji na maktaba ndio wanaolipa. Wachapishaji wengi wakubwa pia huwasamehe au kuwapunguzia ada watafiti wa mataifa yenye kipato cha chini. Uliza mapema, kwani baadhi yao hawapokei ombi baada ya makala kukubaliwa.

Kinachotofautisha jarida la kweli na la uongo ni mambo yanayoweza kuthibitishwa. Je, wahariri waliotajwa wapo, na vyuo vyao vinawatambua? Je, ada imetangazwa wazi kabla ya kuwasilisha? Je, jarida la wazi limeorodheshwa katika DOAJ, orodha iliyoanzishwa mwaka wa 2003? Je, msimamizi wako amewahi kusoma makala hata moja kutoka humo? Jarida linaloahidi uhakiki wa saa 48 linauza stakabadhi, si elimu.

Madhara hayamwishii mwanafunzi. Makala iliyokwisha kuchapishwa katika jarida bandia ni vigumu kuiondoa, na jarida halali halitaipokea tena, kwa kuwa si mpya. Miaka mitatu ya jasho huwa imezikwa pasipo na kaburi. Isitoshe, yupo fundi atakayesoma siku moja kwamba jivu la miwa linaweza kuchukua nafasi ya sehemu fulani ya saruji, naye akajenga darasa kwa kuamini tarakimu hizo. Ikiwa hakuna aliyezihakiki, watakaolipa gharama ni watoto watakaoketi chini ya kuta hizo.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mtafiti anayeandika alichokiona, akaonyesha jinsi alivyokiona na kukubali kuulizwa maswali, huenda akachelewa kuhitimu kwa miezi michache. Lakini kazi yake itasimama, na ukuta wake pia.