Kuosha Udongo wa Mimea ya Barazani

Katika nyumba nyingi hupandwa mrehani, mpilipili au mche wa mlimau ndani ya makopo na madebe, ukawekwa barazani. Mimea hiyo hutufaa jikoni, tena hupamba nyumba. Lakini huja wakati majani yakageuka manjano, ncha zake zikakauka kama zilizounguzwa na moto, na mmea ukakoma kukua. Hapo mwenye nyumba husema, "Una njaa," akauongezea samadi na majivu. Baada ya siku chache mmea hufa. Kumbe haukuwa na njaa, ulilemewa na chumvi.

Sababu yake ni hii. Maji ya visima, hasa pwani, mara nyingi yana chumvi na chokaa. Utazame ukoko mweupe ndani ya birika la kuchemshia maji, nawe utasadiki. Samadi, majivu na mbolea ya dukani pia zina chumvi zake. Jua likipiga, maji hupaa, chumvi hubaki. Ndivyo wafanyavyo watengenezao chumvi kule Bagamoyo na Ngomeni: huyatuliza maji ya bahari katika mabwawa yenye kina kidogo, jua likayakausha, wakavuna chumvi. Basi kopo la barazani ni bwawa dogo la namna hiyo. Udongo wa shamba huoshwa na masika, bali kopo lililo chini ya paa halipati mvua. Chumvi ikizidi, mizizi haiwezi kuvuta maji, nao mmea huona kiu hali udongo umelowa.

Lakini yafaa kupambanua kwanza, maana si kila manjano ni ya chumvi. Ukiona utandu mweupe juu ya udongo au ukingoni mwa chombo, na ncha za majani zimekauka, shuku chumvi. Udongo ukiwa tope na kunuka uvundo, mizizi yaoza. Usiongeze maji, bali toboa matundu na kuuacha ukauke. Yakiwa majani ya chini tu yamegeuka manjano, wala hakuna utandu, huenda mmea una njaa kweli.

Dawa ya chumvi si kuongeza, ni kuondoa. Hakikisha chombo kina matundu chini, kisha kiinue juu ya mawe mawili mahali penye kivuli. Kwangua utandu ule mweupe, usizidi unene wa nusu sentimita, usije ukajeruhi mizizi. Mimina polepole maji ya mvua, au maji mengine yasiyo na chumvi. Kipimo chake ni mara mbili ya ujazo wa chombo: kopo la lita 5 lataka lita 10. Usimimine yote kwa mara moja. Mimina kidogo, ngoja yashuke, mimina tena. Maji yatokayo chini yamwage mbali. Yakiachwa katika kisahani chini ya kopo, udongo utayanywa tena pamoja na chumvi yake.

Baadaye usinyweshe mpaka udongo wa juu ukauke. Usitie mbolea mpaka uone majani mapya, kisha anza kwa nusu ya kipimo, kwa kuwa maji yale yameondoa chakula pia. Majani yaliyokwisha kukauka hayarudi kuwa mabichi. Tazama machipukizi, hayo ndiyo yatakayokuambia habari. Kazi hii yatosha kila miezi 4 hadi 6.

Nanyi walimu, wafundisheni watoto jambo hili kwa macho. Kingeni katika sahani maji ya kwanza yatokayo chini ya kopo lenye utandu, myaanike juani. Yakikauka, wataona weupe uliobaki. Nao wakirudi nyumbani watamwambia mama, kabla hajatia majivu, autazame udongo kwanza.