Kubadilisha dirisha katika depo ya mbao: maji yapitie wapi?



Kiangazi kikifika, maswali mengi tunayoulizwa hayahusu shamba, yanahusu depo. Lile linalorudi zaidi ni hili: dirisha letu la mbao limeoza, tunataka kuweka la kioo, la aluminiamu ao la plastiki, tufanye namna gani bila kuvunja ukuta wote? Ni swali zuri, na tujibu mbele ya mvula ya mwezi wa tisa.

Hapa Goma na pembeni yake tunajua kwa nini tunajenga kwa mbao. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 ilifunika sehemu ya muji, na kuchimba msingi ndani ya lile jiwe ni kazi ya kuvunja mugongo. Nyumba ya mbao inakaa juu ya mawe, ni nyepesi, na udongo ukitetemeka, kama siku zile baada ya mlipuko wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, inacheza kidogo bila kupasuka kama ukuta wa matofali. Lakini ukuta wa mbao una tabia yake: maji yanaingia nyuma ya mbao siku zote, hata ukiupaka rangi mara tatu. Ukuta muzuri ni ule unaoyaacha yatoke tena. Fundi aliyezoea nyumba za blok anasahau jambo hili. Anaziba kila tundu kwa simenti ao silikoni, na kisha miaka miwili mbao ya chini ya dirisha unaitoboa kwa kidole.

Mbele ya kununua, mujiulize kwanza ndani munaweka nini. Kama ni mahindi na maharagi, munataka hewa ipite na mvula isiingie, juu mbegu iliyokauka hadi unyevu wa asilimia 13 inarudi kulowa haraka ikipigwa na manyunyu, na ukungu unaanza. Kama ni viazi ulaya vya kula, munataka giza: kiazi kikipata mwangaza kinageuka kijani, kinakuwa kichungu na kina sumu. Dirisha kubwa la kioo katika depo ya namna hiyo ni hasara ya kununua kwa pesa yenu wenyewe. Lakini kama ni mbegu za viazi, ni kinyume kabisa. Mbegu inapenda mwangaza mwingi bila jua kuipiga moja kwa moja. Pale inatoa machipukizi mafupi, manene, yenye nguvu, na si yale marefu meupe yanayovunjika ndani ya mufuko. Kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, cha Lima nchini Peru, kilieneza njia hii tangu mwisho wa miaka ya 1970, na wakulima wa milima yetu wanaijua vizuri. Depo ya mbegu inahitaji madirisha pande mbili, na wavu mwembamba wa kuzuia vidukari, maana hao ndio wanaobeba virusi kutoka mumea hadi mumea.

Sasa, dirisha la kitu gani? Chuma ni cha bei nafuu na kila fundi wa kusudika anakijua. Lakini walio upande wa Rusayo na Sake wanajua habari ya moshi wa volkano: upepo ukiusukuma kwao, mvula inaanguka na asidi, mabati yanatoboka mbele ya wakati. Chuma cha dirisha hakina bahati kuliko bati. Kule mimi ningechagua mbao ngumu iliyokauka vizuri, ao aluminiamu, ao plastiki ngumu ile ya PVC, ambayo haishiki kutu hata kidogo. PVC ina shida moja: jua likiipiga inapanuka, usiku inarudi. Ukiibana kabisa ndani ya tundu, inapinda na dirisha halifunguki tena.

Kwa hiyo kupima ni nusu ya kazi. Pima upana wa tundu juu, katikati na chini. Pima urefu kushoto, katikati na kulia. Nyumba zetu hazina pembe kamili, usishangae kuona tofauti ya sentimeta mbili. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha ondoa sentimeta moja, ili ibaki nafasi ya milimita 5 kila upande. Pima pia kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo viwili visipolingana, tundu limelala, na ni shevro za ukuta zinazopaswa kunyooshwa, si dirisha. Pelekeni vipimo hivyo kwa fundi vikiwa vimeandikwa. Kipimo cha kichwani kimeshaharibia watu wengi pesa.

Siku ya kazi, fungueni dirisha moja tu, asubuhi, na lifungwe mbele ya jioni. Mifuko isogezwe na kufunikwa kwa bashi.

Mbao za ukuta zilizolaliana kama magamba ya samaki hazivunjwi. Zinafunguliwa kuanzia juu, juu kila mbao inafunika misumari ya ile iliyo chini yake. Ingiza ncha ya nyundo pole pole, inua kidogo, kisha rudisha mbao: kichwa cha musumari kitabaki nje na utakishika. Weka alama kwa makaa kwenye kila mbao, moja, mbili, tatu, ili irudi mahali pake. Ukishaondoa kadre ya zamani, angalia mbao ya chini ya tundu. Chokoza kwa ncha ya kisu. Ikiingia kwa urahisi, badilisha hiyo mbao leo, hata kama mulikuwa hamukuipangia pesa. Kufunga dirisha jipya juu ya mbao iliyooza ni kuvalisha maiti.

Hapa ndipo sehemu ambayo wengi wanaikosa. Mbele ya dirisha kuingia, tundu linavalishwa kipande cha bashi nzito ya plastiki, na mpangilio wake ni wa lazima: chini kwanza, kisha pande mbili, kisha juu. Kila kipande cha juu kinalalia kile cha chini, kama mabati kwenye paa. Kile cha juu ya dirisha kinaingia nyuma ya mbao ya ukuta iliyo juu yake, si mbele. Ukikiweka mbele, umetengeneza mufuko wa kukamata maji. Juu ya dirisha ongeza ukanda wa bati uliokunjwa, unaotoka nje sentimeta tatu hivi na kuinama kidogo, nao pia kichwa chake kiwe nyuma ya mbao. Huu ukanda unagharimu kidogo kuliko chupa mbili za silikoni na utaishi zaidi. Kwangu mimi silikoni ni musaidizi tu. Kisha muda inaachana na mbao.

Kizingiti cha chini kiinamie nje. Simamisha dirisha kwa vipande vidogo vya mbao, angalia nivo, kisha funga kwa visi, si misumari, maana nyundo inapasua PVC na kulegeza kioo. Visi visikazwe hadi kadre ipinde. Fungua na funga dirisha baada ya kila kisi. Pande mbili na juu unaweza kupaka silikoni kati ya kadre na bashi. Chini usipake. Pale ndipo maji yaliyoingia yanatokea. Na vile vitundu vidogo vilivyo chini ya kadre za aluminiamu na PVC si kasoro ya kiwanda, musivizibe, ni mifereji.

Mukirudisha mbao, zikatwe ili zibakize milimita chache kando ya kadre, kisha ufunike kwa mbao nyembamba ya pembeni. Sehemu zilizokatwa zipakwe rangi kwanza, kwa sababu mbao inakunywa maji kupitia ncha kuliko kupitia uso. Kwa panya, wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi milimita 6; kwenye tundu la sentimeta moja panya mtoto anapita bila kujikunja.

Baada ya mvula kubwa ya kwanza, mutu mmoja wa komite aingie na taa, apapase mbao chini ya kila dirisha, na aandike ndani ya kaye ya depo alichokuta. Arudi tena kisha siku mbili: kama pale pamekauka, maji yamepata njia ya kutoka. Kama pangali na unyevu, fungueni mbao ya kwanza juu ya dirisha muangalie ule ukanda wa bati, mifuko ikiwa mbali na ukuta.