Masika Arusha: Watoto watoke nje, ila wasivuke korongo

Mvua za masika zikishakolea Arusha, nyumba nyingi hufunga mlango na kuwasha televisheni. Mtoto aliyekuwa akitoka shule na kukimbilia uwanjani sasa anavua viatu vyenye tope kibarazani, anaingia ndani na kuomba simu ya mama. Hali hiyo huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Likizo fupi ya Pasaka ikiangukia hapo katikati, siku nzima huishia kwenye kochi.

Wazazi wana sababu ya kuogopa. Aprili 2024 basi dogo la shule lilisombwa na maji ya mvua jijini hapa na wanafunzi kadhaa wakapoteza maisha. Mzazi wa Muriet, Olasiti au Moshono hahitaji kukumbushwa. Korongo ambalo Januari ni njia ya mbuzi, usiku mmoja wa Aprili hugeuka mto.

Tatizo ni kwamba hofu hiyo ya maji imefungwa pamoja na hofu nyingine mbili, ya baridi na ya tope, na zote tatu zikawa kufuli moja. Hofu ya maji inaokoa maisha. Hizo nyingine mbili zinamnyima mtoto kitu anachokihitaji kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazompandisha pumzi: kukimbia, kuruka kamba, rede, mpira, baiskeli. Kwa walio chini ya hapo, kuanzia mwaka mmoja hadi minne, mwongozo wa 2019 unataka jumla ya dakika 180 za kucheza na kutembeatembea kwa siku. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya miaka miwili ni bora asikae kabisa. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa miezi ya masika imesamehewa. Katuni tatu mfululizo zinaimaliza saa hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Kuna na suala la macho, ambalo wazazi wengi hawalihusishi na kucheza. Tafiti kwa watoto wa shule, hasa barani Asia, zimeonyesha kuwa wanaotumia muda mwingi nje mchana wana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kutoona mbali. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu mazito, una nguvu mara nyingi zaidi ya taa ya sebuleni.

Na mafua? Mafua huletwa na virusi, na virusi hupita kirahisi zaidi pale watu wanapobanana kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Mtoto aliyelowa abadilishwe nguo, akaushwe kichwa na apewe kitu cha moto, lakini dakika arobaini za kukimbia kwenye hewa safi hazimpi ugonjwa ambao hakuna aliyemwambukiza. Mwenye pumu ana sharti lake: dawa ya kuvuta isibaki nyumbani. Kuhusu tope, adui mkubwa ni mguu peku, kwa sababu minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi. Gambuti, au hata viatu vya zamani vilivyofunika mguu, pamoja na sabuni na maji wakirudi, vinapunguza sana hatari hiyo.

Sasa waende wapi?

Arusha si Dar es Salaam, na katika jambo hili ni bahati. Jiji lenye watu zaidi ya 600,000 kwa sensa ya 2022 bado lina katikati ya mji ambako familia inaweza kushuka kwenye daladala mara moja na kutembea kwa miguu asubuhi nzima. Tena katikati ya mji kuna lami na madaraja, jambo linalopaswa kuamua safari nyingi za msimu huu.

Pa kuanzia ni Mnara wa Saa. Kila mtoto wa Arusha ameshaambiwa kuwa pale ni katikati ya safari ya Cape Town hadi Cairo. Wachache wameambiwa wapime. Mpe mwanao ramani ya Afrika, hata ile ya nyuma ya daftari, na rula. Akiunganisha miji hiyo miwili kwa mstari ulionyooka na kutafuta nusu yake, ataangukia Kongo, mbali kabisa na Arusha. Hapo maswali yanaanza: kwa hiyo ni uongo? Au walipima kwa barabara? Mtoto wa darasa la tano anaweza kubishana na baba yake kutoka hapo hadi mwisho wa Barabara ya Boma, na baba asikimbilie kumnyamazisha.

Mwisho wa barabara hiyo lipo Boma lenyewe, ngome iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili. Wakazi wengi wa jiji hupita nje yake kwa miaka wakiamini ni mahali pa watalii. Ndani kuna habari za chimbuko la binadamu, na sehemu kubwa ya habari hizo imetoka mkoani hapa na maeneo ya jirani. Nyayo za Laetoli, zilizochunguzwa na timu ya Mary Leakey miaka ya 1970, zina umri wa takriban miaka milioni 3.6: viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Majivu yalilowa, yakakauka, yakafunikwa na majivu mengine. Kwa mtoto aliyefika pale akiwa na gambuti zenye tope hakuna haja ya maelezo marefu. Aambiwe tu ageuke aangalie nyayo zake mwenyewe pale uani.

Kwa mwendo wa miguu kuelekea Kaloleni kuna Mnara wa Mwenge, na karibu yake Makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio lilipitishwa na TANU jijini hapa Januari 1967 na kutangazwa Februari 5 mwaka huo. Watoto wa darasa la sita na saba hulisoma kwa kukariri tarehe. Kuliona jengo na picha kunasaidia, ingawa kwa mdogo wa miaka minne ziara hii ni ya dakika kumi, na mzazi asimlazimishe zaidi. Makumbusho zote mbili hutoza raia kiingilio kwa shilingi, na kwa mtoto ni kidogo zaidi. Uliza mlangoni kabla ya kuingiza kundi zima la binamu.

Uwanja wa Sheikh Amri Abeid hauko mbali. Hapo ndipo palipofanyika kilele cha Mei Mosi kitaifa mwaka 2024 na Siku ya Wanawake Duniani mwaka 2025. Hata mwaka ambao kilele cha kitaifa kiko mkoa mwingine, Machi 8 na Mei Mosi huwa na maandamano ya mkoa yenye bendi, mabango na magari yaliyopambwa, na kutazama ni bure. Mtoto akiuliza Sheikh Amri Abeid ni nani, jibu linafaa kutolewa: alikuwa mshairi, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere hadi alipofariki mwaka 1964.

Soko nalo ni matembezi. Wazazi hulidharau kwa sababu wao huenda pale kuhangaika na bei, lakini kwa mtoto wa miaka minane Soko Kuu au Kilombero ni hesabu, sayansi na mazoezi kwa pamoja. Mpe shilingi 2,000 na kazi ya kununua mboga za majani za aina tatu. Msimu wa mvua ndio wa mchicha, mnavu na majani ya maboga. Atatembea, atainama, atauliza, atadanganywa kidogo kwenye fungu la pili na kujifunza kwenye la tatu. Mboga aliyoichagua mwenyewe ana uwezekano mkubwa wa kuila, na hilo kwa wazazi wenye watoto wabishi mezani ni faida inayotosha nauli.

Kwa wanaotaka kutoka mjini, Ziwa Duluti lililoko Tengeru, upande wa barabara ya Moshi, ndilo linalofaa zaidi kwa familia. Ni ziwa la kreta ndani ya msitu wa hifadhi, na njia ya miguu inalizunguka chini ya miti mikubwa. Masika ndege ni wengi na kenge huonekana wakiota jua linapochomoza. Njia huteleza, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu ashikwe mkono muda wote au abebwe. Kuogelea hapana: pamoja na kina cha maji, sheria nzuri kwa ziwa au bwawa lolote la maji baridi ni kutowaingiza watoto, kwa sababu kichocho hakionekani kwa macho. Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko mbele zaidi, na raia hulipa kiwango kilicho chini sana ya cha mgeni, lakini inahitaji gari na siku nzima, na barabara za ndani mvua ikizidi huwa ngumu. Hiyo ibaki kwa Juni.

Kalenda yenyewe inasaidia mwaka huu kama miaka mingine. Mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi kuna Kilimanjaro Marathon kule Moshi, iliyoanza mwaka 2003, ambayo ina mbio za kilomita 5 kwa kujifurahisha. Familia nyingi za Arusha husafiri kwa ajili ya hizo tu. Kuna Pasaka. Kuna Aprili 7, Siku ya Karume, ambayo pia ni Siku ya Afya Duniani, na Aprili 26, Siku ya Muungano. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni ya usafi mtaani, na watoto wakubwa wanaweza kushiriki wakiwa na glavu na reki, mbali na mitaro mirefu. Wiki ya mwisho ya Aprili ni Wiki ya Chanjo Duniani. Mama mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 ambaye hajapata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi aulize kituo cha afya kilicho karibu. Tangu 2024 Tanzania inatoa dozi moja tu, na wiki ya likizo ni nafasi nzuri kuliko siku ya shule.

Idi, pale inapoangukia msimu huu, haihitaji maelekezo ya gazeti. Watoto wanajua wenyewe bembea ziko wapi.

Limebaki lile la maji, na hapa mzazi asilegeze. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kulisogeza gari dogo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua pa kwenda, chora njia kichwani: kati ya nyumbani na huko, mnavuka korongo au kivuko gani? Kama kuna hata kimoja kisicho na daraja, safari hiyo ingoje kiangazi. Mvua kubwa ikinyesha Meru usiku, mito ya Themi na Naura inaweza kujaa asubuhi wakati mjini jua linawaka, na hapo ndipo watoto wanapokwenda kuchungulia kingoni. Dereva wa bodaboda au bajaji akisema "tunapita tu haraka", mshuke. Hasara ni nauli. Na kama mtoto hupanda gari la shule, mzazi ana haki ya kumuuliza dereva hupita wapi mvua ikinyesha, na kutaka jibu linalotaja barabara kwa jina.

Safari zenyewe zianze mapema na watoto wawe wamerudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri. Kwenye begi weka soksi kavu, fulana ya kubadilisha, mfuko wa plastiki kwa ajili ya simu, maji ya kunywa na mkate wa kutosha. Njaa ya mtoto aliyezunguka Duluti haisubiri kufika stendi ya Tengeru.